Kitunguu saumu Kigoma: majani yanakuja vizuri, mbona chini hakigawanyiki punje?

#1 Mjukuu wa Katubuka
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, nina kauwanja nyuma ya nyumba. Mwezi wa tatu nilinunua vitunguu saumu sokoni, vile vyeupe vikubwa, nikachambua punje nikapanda kwenye viroba na tuta moja dogo. Vikaota vizuri mno, majani ya kijani kibichi, jirani akawa anakuja kuchuma anaunga dagaa. Sasa majani yameanza kuwa ya njano, nikang'oa viwili kuangalia. Chini kuna kiduara kimoja kigumu, ukubwa wa gololi. Punje hakuna. Ukikikata ni nyama tupu mpaka katikati. Samadi niliweka, maji asubuhi na jioni. Tatizo ni nini? Au hili zao ni la watu wa Mbulu, sisi wa mwisho wa reli tuendelee kununua?

La pili: hivyo vya kununua navyo ukiviweka jikoni vinachipua au vinaota ukungu kabla hujavimaliza. Wenzangu mnahifadhije?

#2 Shabiki wa Mgebuka
Punje moja ndiyo hiyo wauza dawa wanaiuzia wazee wa presha bei mbaya. Tafuta kikapu ukakae nje ya msikiti Ijumaa. Mimi nimekaa hapa nasubiri wajuvi.

#3 Mwana Mbulu
Mleta uzi, mbegu. Hivyo vyeupe vikubwa vya dukani vingi vinatoka China, na China ndiyo inayolima kitunguu saumu kingi kuliko nchi yoyote duniani. Kigeuze uangalie kitako: kama mizizi imenyolewa mpaka pamekuwa laini, hicho kimeandaliwa kwa ajili ya sufuria, hakikuandaliwa shamba. Kuna vinavyopigwa dawa au mionzi ili visichipue njiani. Sisi huku tunapanda cha kwetu, kidogo, kina ngozi ya zambarau, punje nyingi nyembamba, harufu inakutoa machozi ukiwa sebuleni.

#4 Mjukuu wa Katubuka
Mkuu Mwana Mbulu, kama vilipigwa dawa visichipue, mbona vyangu vimechipua vyote? Hakuna hata kimoja kilichogoma.

#5 Mwalimu wa Jografia
Swali zuri hilo. Mbegu inaweza kuwa na makosa yake ila sidhani ni dawa. Kitunguu saumu asili yake ni Asia ya Kati, huko majira ya joto jua linachelewa sana kuzama. Mmea unasoma urefu wa mchana. Mchana ukirefuka ndipo unaacha kutoa majani unaanza kujaza chini. Kigoma na Tabora ziko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, mchana wetu ni saa 12 na dakika zake mwaka mzima. Mmea unasubiri siku ndefu, siku ndefu haiji.

#6 Mgosi wa Soni
Mwalimu shikamoo, lakini hapo nakukatalia. Lushoto iko nyuzi hizohizo karibu na 5, chora mstari kwenye ramani kutoka Lushoto kwenda magharibi utaishia hapohapo Kigoma. Na Lushoto tunavuna kitunguu saumu chenye punje zake, malori yanashuka nacho. Mbulu nayo imekaa juu kidogo tu ya mstari huo. Jua la Lushoto na jua la Kigoma linachomoza na kuzama kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo siyo jua.

#7 Mwalimu wa Jografia
Marahaba. Hoja yako nimeipokea nusu. Inaonyesha kwamba aina za huko zimezoea mchana mfupi kwa sababu zimepandwa hapo vizazi na vizazi. Aina ya China haijazoea. Kwa hiyo jua lipo ndani ya hesabu, pamoja na mbegu ya Mwana Mbulu namba 3.

#8 Heru Juu
Mnazunguka tu. Ni baridi. Mimi niko Kasulu, huku juu, Juni na Julai ukitoka asubuhi bila sweta unajuta. Mama mkwe wangu analima kitunguu saumu bustanini kila mwaka na kinagawanyika. Mbegu ileile akimpelekea dada yake Ujiji kando ya ziwa, inatoa vya punje moja, au punje mbili zilizobanana. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, usiku huko joto halitoki. Mbulu na Lushoto ni milimani. Hiyo ndiyo tofauti, hakuna la jua hapo.

#9 Shabiki wa Mgebuka
Kwa hiyo dada wa Ujiji ana mtaji wa wazee wa presha na hajui.

#10 Dawa Chungu
Nawapinga wa baridi. Misri ni jangwa, joto lake tunalijua, na wanalima kitunguu saumu mpaka wanauza nje. Baridi ya wapi hiyo?

#11 Mgosi wa Soni
Misri wana kipupwe ndugu yangu. Wanapanda kuanzia Septemba na Oktoba, kinakaa shambani Desemba na Januari usiku ukiwa na ubaridi, wanavuna kuelekea Machi, Aprili. Joto unalolijua wewe ni la Julai, wakati huo kitunguu kiko stoo.

#12 Fundi Friji
Niwape ufundi. Ubaridi usipokuja wenyewe unautengeneza. Vitunguu vya mbegu viweke kwenye friji sehemu ya chini, ile droo ya mboga, ndani ya mfuko wa karatasi au gazeti. Visiingie kwenye friza. Kaa navyo wiki sita mpaka nane. Usichambue punje mapema, acha kichwa kizima, chambua siku ya kupanda. Na ukishatoa, panda siku ileile. Ukiviacha nje kwenye joto wiki nzima ule ubaridi unafutika na umepoteza umeme wako wa bure.

#13 Mama Wawili Ipuli
Umeme wa bure wa wapi wewe fundi, LUKU inaisha nikiangalia. Halafu mnatuchanganya. Kila siku tunaambiwa kitunguu saumu usiweke kwenye friji kinachipua, leo mnasema kiweke. Tushike lipi?

#14 Fundi Friji
Yote mawili dada. Kinachipua kwa sababu ubaridi wa friji ndio unaokiamsha. Cha mbegu unataka kiamke. Cha kula hutaki. Ndiyo maana cha kula kinakaa nje penye hewa na giza. Makampuni makubwa yanayokitunza miezi mingi yanakishusha mpaka nyuzi sifuri au chini yake kidogo, hapo kinalala kabisa. Friji la nyumbani linakaa nyuzi nne, tano, hiyo ndiyo ya kuamsha.

#15 Kichanga Tupu
Mwangaluka. Tabora hapa, Isevya. Hiyo ya friji nimeifanya kwa mbegu ya Mbulu na ya dukani, nikazipanda bega kwa bega mwishoni mwa Aprili. Ya Mbulu iligawanyika, punje nne, tano, vichwa vidogo lakini unamenya na unakula. Ya dukani vichache viligawanyika, vingine punje moja tu. Tabora tuko mita 1,200 hivi, Juni usiku kuna kaubaridi, kwa hiyo sijui nishukuru friji, mbegu au hewa ya Unyamwezi. Mke wangu anasema ni mbolea, maana nilikuwa na NPK 10:18:24 iliyobaki ya tumbaku nikaitia kwenye tuta kabla ya kupanda. Udongo wetu ni kichanga, hauna kitu, usipoulisha haukulishi.

#16 Dawa Chungu
Mke wako yuko sahihi. Mleta uzi kaweka samadi, na samadi ikizidi unakula majani. Muulizeni kama aliendelea kuongeza urea.

#17 Mjukuu wa Katubuka
Urea niliweka kidogo, majani yalipofika magotini karibu. Ilikuwa mara ya pili. Si ndiyo inavyotakiwa?

#18 Bibi Zaina wa Gungu
Wajukuu zangu hamjambo. Urea unatoa mwanzo, mmea ukiwa mdogo. Ukifika katikati ya safari unaacha. Ukiendelea kuitia unaiambia iendelee kuota majani, itajaza chini saa ngapi? Na maji asubuhi na jioni mpaka leo majani yana njano? Kitunguu saumu kikianza njano kinakatiwa maji, wiki mbili, tatu, ndipo unang'oa. Ukimwagilia mpaka mwisho maganda yanaoza, yanafunguka humo humo ardhini, hata ukikihifadhi hakikai.

Na punje ulizopanda zilikuwa zipi? Zile kubwa za pembeni au vile vijipunje vya katikati? Kubwa unapanda, ndogo unatwanga. Watu wengi wanafanya kinyume. Kubwa anakula leo, ndogo anazika.

#19 Mjukuu wa Katubuka
Shikamoo bibi. Nilipanda zote, kubwa na ndogo. Nilipanda ncha juu, kina cha vidole viwili, zimeachana shubiri.

#20 Bibi Zaina wa Gungu
Marahaba mwanangu. Nafasi ni nzuri, hata nusu ya shubiri kingetosha. Lakini Machi kwetu mvua bado inashuka. Mimi napanda mvua zikiwa zinaaga, mwisho wa Aprili, kipindi cha kiangazi nakimwagilia mwenyewe kwa kiasi. Kinakaa ardhini miezi minne, mitano. Napata punje tatu, nne, na nipo hapahapa Gungu, ziwa naliona kutoka uani. Friji langu ni la samaki.

#21 Heru Juu
Bibi shikamoo. Mbegu unatoa wapi?

#22 Bibi Zaina wa Gungu
Natunza yangu, nilianza nayo zamani. Iliyogawanyika vizuri ndiyo nairudisha.

#23 Mwana Mbulu
Haya, mmemsikia bibi? MBEGU.

#24 Mgosi wa Soni
Mimi nimesikia msimu.

#25 Dawa Chungu
Mimi nimesikia urea.

#26 Mwalimu wa Jografia
Hahaha. Bibi kawapa kila mtu kipande chake. Lakini angalieni jambo moja: anachagua vilivyogawanyika tu, kila mwaka. Kitunguu saumu hakizai kwa mbegu za maua, punje inayopandwa ni mmea uleule wa mwaka jana, ila vichwa vinavyofaa mahali ndivyo vinavyobaki. Bibi ana aina ya Gungu sasa, hata asipoiita hivyo.

Mjukuu, hivyo viduara vyako usivile vyote. Punje moja ikipandwa tena msimu unaofuata mara nyingi inatoa kichwa kikubwa zaidi na hugawanyika, maana imeanza na chakula kingi. Vitunze vikavu, ukifika mwezi wa pili au wa tatu viingize kwenye friji, kisha panda kwa kalenda ya bibi.

#27 Mama Wawili Ipuli
Jamani tuje kwenye kuhifadhi, wengine bustani hatuna, tuna kabati tu. Nilinunua kilo mbili bei iliposhuka, nikazimimina kwenye ndoo yenye mfuniko nikijua nimelinda. Nilipofungua juzi harufu iligoma kutoka nyumbani, vya chini vina ukungu wa kijani hadi ndani ya ganda, ukiminya punje inabonyea.

#28 Kichanga Tupu
Mfuniko ndio uliovimaliza. Kinataka kupumua. Kapu, tenga, au ule mfuko wa neti wa vitunguu maji, ukaning'inia mahali pasipo jua na mbali na mvuke wa sufuria. Viazi visikae humo. Kama umevuna mwenyewe usivioshe, kung'uta udongo tu, acha majani yake, tandaza kivulini penye upepo wiki mbili, tatu, mpaka shingo ikikazwa kwa vidole haina maji. Ndipo ukate, uache kishingo cha vidole viwili. Kilichodondoka kikapata jeraha kiweke pembeni ukile wiki hiyo. Hicho kimoja ndicho kinachoambukiza wengine.

#29 Heru Juu
Sisi tunasuka. Mama mkwe anachukua vyenye shingo laini, anasuka majani mkeka mrefu, anaufunga kwenye kenchi jikoni juu ya mafiga. Moshi wa kuni unapita kila siku. Vinakuwa vyeusi kwa nje, ndani safi, mbu na mende hawasogei. Wenye jiko la gesi poleni.

#30 Fundi Friji
Moshi sikatai, ila joto la mafiga linakikausha kinakuwa ganda tupu. Nimemenya cha hivyo kikavunjika mkononi.

#31 Heru Juu
Mliweka chini sana. Kenchi iko juu fundi. Huko kunafika moshi, moto haufiki.

#32 Shabiki wa Mgebuka
Mimi namaliza ubishi: menya vyote, ponda, jaza kwenye chupa, mwagia mawese juu mpaka yafunike, kabatini. Ukipika migebuka unachota kijiko. Mawese ya Kigoma yanatunza kila kitu, hata chuma hakishiki kutu.

#33 Nesi wa Zamu
Mkuu namba 32 utani wako huo mwingine usiufanye tafadhali. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, kikakaa nje bila ubaridi, ndiyo mazingira ya sumu ya botulizimu. Bakteria wake wako kwenye udongo, wanabaki kwenye punje hata ukimenya. Wanapenda mahali pasipo hewa na pasipo uchachu, na mafuta yanafunga hewa yote. Mwaka 1985 kule Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula mgahawani kitunguu saumu kilichopondwa ndani ya mafuta ambacho hakikuwekwa kwenye friji. Chakula kinaweza kunuka vizuri tu na kina sumu. Mtu anaanza kuona viwili viwili, kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, mwisho kifua kinashindwa kuvuta pumzi. Ukitaka ya mafuta, tengeneza kidogo, iweke kwenye friji, imalize ndani ya siku nne.

#34 Shabiki wa Mgebuka
Nesi umenitisha, chupa iko kabatini kweli hapa. Bibi yangu kafanya hivyo maisha yake yote na kafa na miaka mingi.

#35 Nesi wa Zamu
Bibi yako alikuwa anakaanga mpaka kikauke au alitia kibichi? Na chupa mwaga, usiijaribu kwa kulamba.

#36 Shabiki wa Mgebuka
Alikuwa anakaanga mpaka kahawia na chumvi nyingi. Ila mawese yakichemshwa si yanaua wadudu?

#37 Nesi wa Zamu
Mbegu za huyo bakteria zinavumilia maji yanayochemka. Chumvi nyingi na kukauka ndivyo vilivyomsaidia bibi. Cha kwako kibichi ni habari nyingine.

#38 Bibi Zaina wa Gungu
Mimi nakata vipande vyembamba, naanika kwenye ungo chini ya neti, kikivunjika natwanga na chumvi. Kopo moja linanifikisha mvua nyingine. Mawese nayaweka kwenye mawese.

#39 Mama Wawili Ipuli
Na siki je? Nilitia punje kwenye siki, zikageuka rangi ya bluu na kijani. Nikamwaga nikijua zimeoza.

#40 Nesi wa Zamu
Ulimwaga chakula dada. Ni viini vya salfa vya kitunguu vikikutana na uchachu, hakuna madhara. Siki ina uchachu, siyo sawa na mafuta, lakini nayo iweke kwenye friji.

#41 Dawa Chungu
Turudi shambani. Hakuna aliyetaja thripsi, wale vijidudu wanaonyonya majani. Majani yakiwa na mistari ya fedha na ncha zimekauka kabla ya wakati, mmea hauna nguvu ya kujaza chini, hata uwe na mbegu ya bibi. Kiangazi ndipo wanapochachamaa. Mjukuu, fungua jani pale linapokutana na shina, angalia kama kuna vijidudu vyembamba vya njano vinavyokimbia.

#42 Mjukuu wa Katubuka
Nimeangalia kwa tochi ya simu. Vipo. Siyo vingi lakini vipo, na majani ya upande wa ukuta yana hiyo mistari.

#43 Dawa Chungu
Nilijua.

#44 Mgosi wa Soni
Lushoto tunao pia na vinagawanyika. Thripsi wanapunguza ukubwa, hawaondoi punje.

#45 Kichanga Tupu
Kwa mbishano huu, Urambo isingeshindwa. Waingereza walileta mradi wa karanga pale mwishoni mwa miaka ya 1940 na matrekta yao wakaondoka wameinua mikono, kumbe hawakuwa na uzi wa kuuliza.

#46 Heru Juu
Wangeuliza wangeambiwa ni mbegu, wengine baridi, wengine urea, mradi ungekufa mapema zaidi.

#47 Mwana Mbulu
Kwa wanaotaka kujaribu ya Mbulu, msinunue sokoni kwa kuangalia rangi tu, kuna wanaochanganya. Menya kimoja hapohapo. Punje ziwe nyingi zimebanana, ngozi ya ndani iwe na zambarau, kitako kiwe na mizizi yake mikavu. Kiasi cha kilo moja kinatosha tuta la nyumbani na kinabaki cha kupika.

#48 Mama Wawili Ipuli
Nitumie kilo mbili Tabora. Nauli ya basi ya mzigo shilingi ngapi? Na ufungashe kwenye neti, usinitumie kwenye ndoo.

#49 Mwana Mbulu
Njoo pembeni dada tuongee. Ila moja utapanda, siyo?

#50 Mama Wawili Ipuli
Kwenye kabati?